Ile 20% ya Windows iliyozungusha watu miaka

Wadau wa Mpanda, mnaikumbuka? Windows XP ilipotoka 2001, uvumi ulisambaa dunia nzima: eti Windows inakuficha 20% ya spidi ya intaneti, ingia gpedit.msc, weka sifuri, kompyuta ipae. Microsoft wakakanusha: hiyo ni nafasi ya programu zinazoomba kipaumbele, zisipoiomba inatumiwa na zingine kama kawaida. Wapi! Mafundi wakaendelea kuweka sifuri. Na XP Home, ile ya nyumbani, hata gpedit haikuwa nayo.

Kumbe shida ilikuwa safari. Kabla ya kebo ya SEACOM kuanza kazi Dar Julai 2009, data nyingi za nje zilipanda setilaiti, karibu kilomita 36,000 juu. Kuuliza na kujibiwa tu, karibu nusu sekunde. Sifuri ingefupisha nini hapo?

Kebo nazo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilipata hitilafu baharini, intaneti ikayumba nchi nzima. Mpanda, ambako data inavuka nchi karibu yote ndo iguse bahari, mtu ungemkuta anazima na kuwasha rauta. Ya nini sasa?

Kama uliwahi kuweka ile sifuri, tiririka kwenye komenti.