Lulu ya Mnadani na Pumzi ya Mzamiaji

Juzi, tukiwa Kwa Mrombo, mwanafunzi wangu aliniuliza kwa nini mkufu wa lulu za Baroda uliuzwa mnadani New York, mwaka 2007, kwa zaidi ya dola milioni 7. Nilimjibu: ni lulu za asili, na ni kongwe. Lakini historia humkumbuka maharaja aliyeuvaa. Wazamiaji hawana majina.

Katika karne ya 19, Waafrika Mashariki wengi waliouzwa utumwani walizamia lulu katika Ghuba ya Uajemi. Ujira wao ukachukuliwa na mabwana zao. Biashara hiyo ilianguka miaka ya 1930, kwa mdororo wa uchumi na lulu za kufugwa za Kijapani.

Nasi majirani wa Mirerani, je, tunaandika majina ya wachimbaji wa tanzanaiti?