Nyimbo za Wapagazi: Mzigo, Safari na Furaha ya Shambani



Wapendwa wasomaji, tunapokumbuka namna imani ilivyofika katika bara la nchi yetu, kwa kawaida huwataja mapadre, mabruda na masista waliokuja kutoka mbali. Ni haki kuwataja. Lakini ni mara chache tunawakumbuka watu waliobeba masanduku yao. Juma hili tungependa kuwatafakari hao wapagazi, na hasa jambo moja ambalo wasafiri wa karne ya 19 walilishuhudia tena na tena: watu hao, wakiwa na mzigo mabegani, waliimba.

Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni mwendo wa kilomita 800 hivi. Msafara uliutembea kwa miguu kwa muda wa miezi mitatu hivi, na pengine zaidi iwapo njiani palikuwa na mvua, njaa au vita. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kilo 30 au zaidi: pembe za ndovu akielekea pwani, vitambaa, shanga na nyaya za shaba akirudi bara. Mbele alitangulia kirangozi, mjuzi wa njia, na sauti yake ndiyo iliyoanzisha wimbo. Mmoja alitoa ubeti, wengine wakaitikia, na hatua za watu mamia zikaenda kwa mpigo mmoja. Jioni, mizigo ilipokwisha kutuliwa na chakula kuliwa, vijana walikoka moto wakapiga ngoma na kucheza. Mwingereza Richard Burton, aliyeipita njia hiyo kati ya mwaka 1857 na 1859, aliandika habari za ngoma hizo za kambini. Alistaajabu kwamba watu waliotembea tangu alfajiri bado walikuwa na nguvu ya kucheza.

Kwa Wanyamwezi, safari ya pwani ilikuwa shule. Kijana ambaye hajapata kuiona bahari hakuhesabiwa bado kuwa mtu mzima. Walisafiri kwa ujira waliopatana, wakapanga wenyewe kambi zao, na mara nyingine wake zao waliandamana nao, wakibeba sufuria na kupika njiani. Basi wimbo wao ulikuwa wimbo wa watu walioijua thamani ya kazi yao.

Mwezi Juni mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, ambao wengi wetu tunawaita Mapadre Weupe, uliondoka Bagamoyo kuelekea maziwa makuu. Mmoja wao, Padre Pascal, alifariki njiani kabla ya kufika. Waliobaki walifika, baadhi Ujiji, wengine Ziwa Nyanza na hatimaye Uganda. Vyombo vyao vya safari havikuwa na miguu; vilifika kwa mabega ya wapagazi, ambao wengi wao hawakuandikwa majina katika kitabu chochote. Tuwakumbuke hao pia tunapowaombea waliotutangulia.

Hata hivyo, ndugu zangu, tusiipambe historia. Katika njia ile ile walipita watu waliofungwa minyororo na makongwa, wakipelekwa kuuzwa. Ndiyo maana Wamisionari wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walianza kazi yao kwa kuwatunza waliokombolewa kutoka utumwani. Na wakati wa Vita Kuu ya kwanza, kuanzia mwaka 1914 hadi 1918, majeshi ya Wazungu yalikusanya wapagazi kwa nguvu vijijini. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, soko maarufu la Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa vita hiyo kilichopiga kambi mahali pale. Mzigo wa mtumwa, wa mpagazi wa vita na wa Mnyamwezi huru huenda ulilingana kwa kilo. Kilichotofautiana ni uhuru, ujira, na kuwa na wenzako wanaokujua kwa jina.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Tawi lake likafika Mwanza mwaka 1928. Kazi ya kubeba mizigo ya masafa marefu ikafifia, lakini nyimbo hazikufa. Watafiti wa muziki wa Wasukuma, ndugu na majirani wa Wanyamwezi, wameonyesha jinsi nyimbo za njiani zilivyohamia mashambani. Vijana walijiunga katika vikundi vya kulima, wakaenda shamba kwa shamba wakiwa na mpiga ngoma, na majembe yakapanda na kushuka kwa mpigo mmoja kama zilivyokwenda hatua za wapagazi. Ngoma ya bugobogobo, ambamo wachezaji huyarusha na kuyazungusha majembe yao, ilitoka huko. Eka ambayo mtu mmoja angeilima kwa siku nyingi akinung'unika, kikundi kiliimaliza upesi, na mwenye shamba akawalipa au akawaandalia karamu.

Baada ya mavuno ilikuja furaha yenyewe. Vyama viwili vya ngoma vya Usukumani, Bagika na Bagalu, vilivyoanza karne ya 19, hushindana kwa kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja katika uwanja wake. Anayeamua mshindi ni umati: chama kinachowavuta watu wengi zaidi ndicho kilichoshinda. Starehe hiyo haikuhitaji kiingilio wala viti.

Kanisa nalo lilijifunza polepole. Kulikuwa na wakati ambapo katika misioni nyingi ngoma ilihesabiwa kuwa jambo la kipagani, ikaachwa nje ya mlango. Lakini huko Bujora, karibu na Kisesa, mashariki ya Mwanza, Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianza katika miaka ya 1950 kukusanya ngoma na vyombo vya Wasukuma. Kazi hiyo ikazaa Makumbusho ya Bujora. Sikukuu ya Ekaristi ikaunganishwa na mashindano ya ngoma ya mwezi Juni, yanayoitwa Bulabo, yaani maua, kwa kuwa njia ya maandamano hupambwa kwa maua. Tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia, ukaagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa uheshimiwe na upewe nafasi katika ibada. Ngoma zinazolia leo wakati wa kupeleka vipaji zina historia ndefu nyuma yake.

Je, tujifunze nini? Waisraeli nao waliimba zaburi 15 za kupanda kwenda Yerusalemu, kwa sababu safari ndefu bila wimbo humvunja mtu moyo. Lakini wimbo wa kazi haukutungwa ili kumfanya mnyonge asahau kwamba anadhulumiwa. Ulihitaji watu wanaobeba pamoja na wanaopata haki yao. Kwa hiyo, msimu huu wa kilimo, mwenye kibarua shambani amlipe kabla ya jua kuzama. Jumuiya ndogondogo iende kwa mjane ambaye shamba lake halijalimwa, iende na majembe, na iende ikiimba. Na wazee wanaozijua nyimbo za zamani wawafundishe wajukuu wao wangali hai, maana wimbo ukisahauliwa hauchimbuliki kama chungu.

Tuwatakieni Dominika njema. Mungu awabariki katika safari na kazi zenu.