Vitenzi dhaifu: kwa nini "helped" na sio "holp"?

Wadau, Kiswahili tunapachika -li- tu, kazi imeisha. Lugha za Kigermaniki zina makundi mawili. Vitenzi vyenye nguvu hubadili irabu ya ndani: Kiingereza sing/sang, Kijerumani singen/sang. Vitenzi dhaifu huongezewa d au t: work/worked, Kijerumani machen/machte, Kiholanzi maken/maakte. Majina hayo aliyatoa Jacob Grimm mwaka 1819.

Sasa cheki: dhaifu ndivyo vinavyoshinda! Help zamani ilikuwa holp, leo ni helped. Vitenzi vipya karibu vyote huingia huko, hata googled.

Kwa mtihani, mimi vile vya zamani nakariri kwa mafungu: sing/sang, ring/rang, drink/drank. Kitenzi kipya mjini? Weka -ed bila woga. Nawasilisha.