Shoka la kununua ni lipi? Niliyojifunza Malakisi



Juzi mpwa wangu wa Kisauni, ambaye kazi yake ni kupika harusini, alinipigia simu. "Shikamoo mjomba. Gesi imenishinda bei, narudi kwenye kuni. Ninunue shoka gani?" Nikamwambia asinunue chochote mpaka nimwandikie, kwani jibu langu ni refu na mimi mwenyewe nililipata kwa taabu. Nimeona niliweke hapa, maana swali hilo hilo nimeulizwa na wenye viunga Kikambala na Msambweni.

Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale. Kwetu kuni zilikuja kwa mkokoteni zikiwa zimeshachanjwa. Shoka nimelijulia Malakisi, huko Bungoma karibu na mpaka wa Uganda, nilikopelekwa na kazi ya uhasibu nikakaa miaka minne. Ni upande wa Mlima Elgon, na asubuhi kuna baridi ya kumfanya mtu wa pwani akoge maji ya moto bila haya. Mikaratusi ni mingi. Mingine ilipandwa na wakulima wa tumbaku, kwa sababu majani ya tumbaku hukaushwa bandani kwa moto wa kuni siku kadhaa, usiku na mchana, na kuni zinazoliwa si haba. Nyumba niliyopanga ilikuwa na jiko la kuni uani, na rundo la magogo ya mkaratusi yakiningoja.

Shoka langu la kwanza nililinunua Mombasa nikiwa likizoni. Jekundu, linang'aa, mpini umepakwa vanishi kama meza ya sebuleni. Haikupita wiki mbili. Ilikuwa kuamkia Idd, tunatayarisha kuni za pilau ya msikiti wa sokoni. Nikainua, nikashusha, nikahisi mikono imekuwa myepesi ghafla. Kichwa cha shoka kilikuwa kimechomoka. Kilipita juu ya ndoo ambayo mwanangu wa miaka sita alikuwa ameikalia dakika moja kabla, kikapiga ukuta na kubandua lipu. Alhamdulillahi, mtoto alikuwa ameitwa ndani na mamake. Siku ile sikuchanja tena.

Jirani yangu, mzee wa Kibukusu aliyechanja kuni maisha yake yote, aliuokota ule mpini akaukwangua vanishi kwa kisu. Nyuzi za mti zilikuwa zimekatiza upande, hazikuenda na urefu wa mpini. Na kabari iliyotiwa juu kubana kichwa ilikuwa kijibanzi laini cha mbao. Vanishi ilificha yote mawili.

Basi la kwanza, ewe mpwa wangu, tazama mpini kabla ya chuma. Nyuzi zitoke juu mpaka chini bila kukatiza. Ugeuze, utazame kitako chake: mistari ya mti ielekee upande mmoja na makali, isiyakingame. Pasiwe na kifundo. Ukiona mpini umepakwa rangi nzito, uache hapo hapo. Mti mzuri wa mpini unapatikana kila mahali kwetu, nao ni mpera. Ni mgumu, una nyuzi zilizokazana, na hauvunjiki ovyo. Kata tawi, liache kivulini likauke miezi kadhaa, ndipo ulichonge. Mpini mbichi utasinyaa ndani ya tundu na kichwa kitalegea.

Kuna desturi hapa pwani ya kutumbukiza shoka lililolegea kwenye ndoo ya maji usiku. Mti unavimba, asubuhi shoka limekaza, unafurahi. Likikauka, mti unarudi mdogo kuliko ulivyokuwa, na hapo ndipo kichwa huruka. Tia kabari mpya ya mti mgumu. Ukitaka kuulinda mpini, upake mafuta ya kitani yanayouzwa maduka ya rangi.

Sasa chuma. Watu hudhani shoka ni shoka, lakini la kukata na la kuchanja ni zana mbili. La kukata lina uso mwembamba, kwa sababu kazi yake ni kuzikata nyuzi za mti kwa mkingamo. La kuchanja lina mashavu manene kama kabari, linaingia kati ya nyuzi na kuzitenganisha. Ukichanja kwa lile jembamba litanasa gogoni, nawe utalipigania kulitoa. Ukikata kwa lile nene, utauponda mti tu.

Kwa kuchanja, kichwa cha kilo 2 hadi 2.5 kinatosha. Usidanganywe na kijana wa dukani akupe cha kilo 3 na nusu; baada ya nusu saa mikono itatetemeka, na mkono unaotetemeka ndio unaokosea. Kwa kukata magogo, kilo 1.5 hivi na mpini wa sentimita 80. Kishoka cha mkono mmoja, cha gramu 600 au 700, ni cha matawi na vichane vya kuwashia moto. Lakini hicho kidogo ndicho ninachokiogopa zaidi. Shoka refu ukikosa, mara nyingi litaingia ardhini. Kishoka ukikosa, kinakuja gotini. Kitumie umepiga magoti mbele ya gogo la kuchanjia.

Mahunzi wa Malakisi hufua shoka kwa springi za lori, na mimi nililipenda sana. Halina tundu. Lina mkia uliochongoka, unaopenyezwa kwenye kichwa kinene cha mpini mpaka utokeze nyuma. Kila ukipiga, mkia unazidi kujikaza, kwa hivyo si rahisi kuruka. Mafundi wetu wa majahazi wanalijua shoka la namna hii tangu enzi. Ila ni jembamba, la kukata na kuchonga, na mkia ukizidi kuingia mwisho utaupasua mpini. Nilichanjia mkaratusi mkavu, mpini ukafunguka kama ganda la mbaazi.

Na hapo kosa lilikuwa langu pia, kwani mkaratusi huchanjwa ukiwa mbichi. Ukikauka unakuwa jiwe. Mvinje wetu nao ni hivyo hivyo, uwahi. Mwembe una nyuzi zinazong'ang'aniana, anza pembeni, usilenge katikati. Mnazi usiuchanje kwa shoka zuri, utayala makali yote. Mikoko usiiguse bila kibali cha Shirika la Huduma za Misitu (KFS).

Dukani, wakikuruhusu, pitisha tupa kidogo kwenye makali. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu mno, kitamegeka. Ikizama kama kwenye sabuni, ni laini, utanoa kila siku. Iwe inauma, lakini kwa shida. Ukishanunua, noa kwa tupa kisha kinoo. Cherehe ya umeme sikushauri, inachemsha chuma mpaka kigeuke buluu, na ugumu wake ndio umekwenda. Wala usitumie kisogo cha shoka kupigia kabari ya chuma, tundu litapasuka. Nyundo kubwa ipo kwa kazi hiyo.

Kwa mpishi wa harusi anayepelekewa magogo ya mvinje na mwembe yaliyokwisha kukatwa, shoka la kukata halihitajiki. Nunua la kuchanja la kilo 2, na kishoka kimoja. Mpini wa dukani utoe kabla hujatumia hata siku moja. Mpera uliokauka ninao hapa nyumbani, uje Ijumaa baada ya swala tuuchonge. Na watoto wa jirani wanaokuja kunusa pilau, wakae nyuma ya ukuta.