Mizizi ya Kigiriki na Kilatini katika Istilahi za Sayansi

Istilahi nyingi za sayansi zilizoingia katika Kiswahili kupitia Kiingereza zimeundwa kwa mizizi ya Kigiriki na Kilatini. Kwa mwanafunzi wa Tanzania, kuifahamu mizizi hiyo si anasa. Katika shule ya msingi ya umma amesoma sayansi kwa Kiswahili. Afikapo kidato cha kwanza anaikuta sayansi ileile kwa Kiingereza, na usanisinuru aliokwisha kuuelewa unamrudia kwa jina la fotosinthesisi. Asipoonyeshwa kwamba "foto" ndiyo nuru ileile, atakariri upya jambo analolijua.

La kwanza kuzingatia ni mpangilio. Katika maneno ya aina hii Kigiriki hutanguliza kifafanuzi, ilhali Kiswahili hutanguliza kinachofafanuliwa. Themomita ni "thermos", yaani -enye joto, na "metron", kipimo. Kiswahili kimegeuza na kusema kipimajoto. Ndivyo ilivyo kwa usanisinuru pia: usanisi umetangulia, nuru ikafuata. Kwa hiyo msomaji aifasiri istilahi kuanzia mkiani. Bayolojia ni elimu (-lojia, kutoka "logos") ya uhai ("bios"). Jiolojia ni elimu ya dunia ("ge"). Haidrojeni ni kizaacho ("-jeni") maji ("hydor"), kwa kuwa gesi hiyo ikiungua hutoa maji. Darubini yetu, iliyotoka katika Kiajemi, imefuata mpangilio wa Kigiriki bila kukopa kwake chochote: "dur" ni mbali na "bin" ni kuona, sawasawa na "tele" na "skopein" za teleskopu.

Ugumu zaidi umo katika tahajia. Kiswahili huandika kama kitamkavyo, na maneno haya kiliyapokea kinywani mwa Mwingereza. Ndiyo sababu tuna haidro na bayo, na ndiyo sababu sauti r iliyotangulia konsonanti imedondoka mara nyingi. Kaboni imetokana na "carbo" ya Kilatini, makaa. Homoni hupotosha zaidi: haihusiani na "homos" ya Kigiriki, yaani sawa, wala na "homo" ya Kilatini, yaani mtu, tunayoikuta katika Homo sapiens. Asili yake ni kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea, na Ernest Starling ndiye aliyelitumia jina hilo mwaka 1905. Vivyo hivyo pedali na pedagojia hufanana kwa sura tu. Ya kwanza ina mguu wa Kilatini, ya pili ina mtoto wa Kigiriki. Na "somu" ya kromosomu ni "soma", mwili, neno lisilo na undugu wowote na kitenzi chetu kusoma. Waldeyer alikiita kitu hicho "mwili wa rangi" mwaka 1888 kwa kuwa kilifyonza rangi kilipoandaliwa kwa hadubini.

Mzizi, hata ukitambuliwa barabara, hueleza alichofikiri aliyeunda neno, na huenda alifikiri vibaya. Oksijeni maana yake ni kizaa asidi, kutokana na "oxys", kali. Lavoisier aliamini kwamba kila asidi ina oksijeni ndani yake. Kufikia mwaka 1810 Humphry Davy alikuwa ameonyesha kwamba asidi haidrokloriki haina. Jina halikubadilika. Atomi nayo ni "isiyokatika", ingawa tangu J. J. Thomson alipogundua elektroni mwaka 1897 tunajua kwamba ina sehemu ndani yake. Katika kamusi, basi, fasili na asili ya neno ni habari mbili tofauti, na mwanafunzi anayejibu mtihani kwa kutumia asili peke yake atakosa.

Si mizizi yote iliyopitia Ulaya Magharibi. Falsafa ilitufikia kwa mlango wa Kiarabu, filolojia kwa mlango wa Wazungu, na yote mawili yana "philos" ileile, mpenzi. Kalamu pia imepitia Kiarabu. Kwa Wagiriki "kalamos" ilikuwa tete.