Aneurizimu: Mshipa hutibiwa, akili husahauliwa

MGONJWA aliyepasukiwa na mshipa wa damu ubongoni huhesabiwa kuwa na bahati akitoka hospitalini kwa miguu yake mwenyewe. Kwa wengi, hata hivyo, hapo ndipo mateso mengine huanza.

Aneurizimu ni sehemu ya ukuta wa ateri iliyolegea ikatuna mfano wa puto. Si saratani, ingawa wapo wanaodhani hivyo. Takriban watu wazima 3 katika kila 100 wanayo, na wengi wao huzeeka bila kujua. Shinikizo la damu na uvutaji wa sigara huzidisha hatari. Ikipasuka, mtu hushikwa ghafla na maumivu ya kichwa makali kuliko yote aliyowahi kuyapata. Huyo apelekwe hospitalini papo hapo, wala asisubiri dawa za dukani zimtulize.

Tangu 1975, madaktari wamekuwa wakitumia Kipimo cha Glasgow chenye madaraja matano, kuanzia kifo hadi kupona vyema. Anayejitegemea huweza kuwekwa daraja la juu hata kama husahau majina, huchoka upesi au hulia bila sababu. Nyumbani, mtu huyo huyo huitwa mvivu. Hiyo ni dhuluma, kwani damu iliyomwagika huathiri sehemu za ubongo zinazotawala kumbukumbu na hisia.

Mwigizaji Mwingereza Emilia Clarke alipasukiwa mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 24. Katika makala aliyoandika 2019, alisimulia kwamba baada ya matibabu alishindwa kutaja jina lake, akafikia kuwaomba wahudumu wamwache afe. Aneurizimu ya pili ilitibiwa 2013. Safari hiyo alikata tamaa, akaandamwa na hofu na kushindwa kumtazama mtu machoni, ilhali watazamaji walimwona kwenye runinga akiwa mzima.

Hata ambao mshipa wao haujapasuka hawasalimiki. Mwenye aneurizimu ndogo mara nyingi hushauriwa kungoja huku akipigwa picha za ubongo mara kwa mara, na baadhi huishi wakiogopa kila kichwa kinapouma.

Sonona na wasiwasi hutibika kwa ushauri nasaha na dawa. Kwa hivyo, siku ya kliniki jamaa anayemsindikiza mgonjwa amweleze daktari pia kuhusu usingizi, hasira na ukimya wake, maana mgonjwa mwenyewe huenda akaulizwa hali yake na kujibu tu kwamba ni mzima.