Filme za Kitamil na wezi wa kopi

Mu Tamil Nadu, kusini mwa India, filme kubwa inatoka asubuhi, na jioni kopi yake iko tayari mu telefone za watu. Hiyo haikuanza na intaneti.

Makao ya filme hizo ni Chennai. Studio nyingi zilijengwa mu mtaa wa Kodambakkam, ndiyo maana sinema hiyo inaitwa Kollywood. Mu miaka ya 1980 kaseti za video zilianza kula soko. Kisha zikaja diski, na mu soko la Burma Bazaar mtu alipata filme mpya kwa bei ndogo. Mu 2004 serikali ya jimbo ikakaza kamba: wezi wa video wakaingizwa mu sheria ile ile ya majambazi na wauza pombe ya magendo, yenye kuruhusu kumzuia mtu hadi mwaka 1 bila hukumu.

Lakini muuza diski ana meza sokoni, polisi inamuona. Intaneti haina meza. Mu 2011 ikatokea TamilRockers: wakifunga anwani moja, kesho yake ilifunguka ingine. Tangu 2016, kampuni ya Jio ilipoteremsha bei ya mega mu India, kutelesharje filme nzima kukawa jambo ndogo. Mu 2018, kwa ajili ya filme 2.0 ya Rajinikanth, Mahakama Kuu ya Madras iliamuru tovuti zaidi ya 12.000 zifungwe. Kopi ikatoka vilevile, siku ile ile.

Sasa, nani analipa? Sisi wa agronomia tunaijua hesabu hiyo: nyanya ambayo haiuzwi siku za kwanza inaoza. Filme nayo inavuna sana Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ya kwanza. Nyota mkubwa ameshapata pesa zake. Anayebaki na deni ni produktere mdogo aliyekopa kwa riba, pamoja na mwenye salle ya mji mdogo.

Kuna waliotafuta njia ingine. Mu 2015 Cheran, mutengenezaji wa filme, alijaribu kuuza diski halali mpaka nyumbani, kwa rupia 50. Wazo lilikuwa zuri, lakini halikuenda mbali. Mu 2023 India ikaongeza adhabu: kifungo cha miezi 3 hadi miaka 3, na faini inayoweza kufika asilimia 5 ya gharama ya filme.

Mimi naona gereza peke yake halitoshi. Miaka 40 ya historia hii inaonyesha kwamba mwizi anaenda pale mwenye mali amechelewa kufika: bei iko juu, salle iko mbali, watu wanangoja. Lakini pia tusijidanganye: kopi ya bure kuna mtu ameilipia. Na sisi wenye tunajazisha filme na miziki mu kadi, tumeshajiuliza ni nani?